Mkebe wa Kakao

Kajiado,
14 Februari 1999

Mpendwa mwanangu Beverlyne,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, mimi shangazi yako Nekesa. Sisi tuko. Anko wako Peterson bado anapigana na pampu ya ofisi ya maji, na wiki hii pampu ndiyo imeshinda, kwa hivyo tunanunua maji ya punda kama watu wengine wote. Mama Kisemei wa jirani analeta maziwa kila asubuhi, ananiamkia kwa Kimaasai, takwenya, namjibu iko, halafu anacheka vile ninavyolitamka, na nimeishi hapa miaka kumi na saba. Baba yako ameandika kutoka Kitale. Nyanya yako anatembea tena bila fimbo. Baba yako ameuliza habari zako, nami nimemjibu kwamba aketi kwanza.

Kwa maana habari zako zimenifikia kabla ya barua yako. Mama mmoja wa kanisa letu alikuwa Kitengela mwezi jana, akarudi mbio kuniambia, "Mwalimu, yule msichana wa kaka yako alishika maikrofoni akasema Bwana amemwondolea kifafa. Kanisa lote lilisimama." Beverlyne, nilikaa juu ya gunia la makaa nikalia, na nilikuwa nimevaa sketi nyeupe. Tangu siku ile ulipoanguka gwarideni darasa la sita, mbele ya shule nzima, sijalala bila kulitaja jina lako.

Sasa nisikilize, maana najua akili ya msichana wa miaka ishirini inavyozunguka. Haya ndiyo ninayowafundisha wasichana wangu wa Jumamosi. Amka saa kumi na moja na nusu, kabla mwenzako hajawasha redio, usome Zaburi moja kwa sauti. Nunua daftari la kurasa thelathini na mbili, uandike kila wazo baya linalokujia, kisha ulipige mstari. Na kinywa chako ukilinde sana. Usiseme "nikianguka". Usiseme "ugonjwa wangu". Ukiutaja umeukaribisha, utavuta kiti ukae. Na vile vidonge vyako, kama bado viko, watu wasivione, watasema ulidanganya kanisa. Lakini kwa nini hata uwe navyo, ikiwa umepona?

Jumamosi tarehe 24 Aprili niko na semina ya wasichana, karibu arobaini, wengine wanatoka Bisil. Nimeshawaambia kwamba wewe ndiye utakayesema nao. Usiniaibishe.

Shangazi yako,
Nekesa Peterson


Kitengela,
11 Machi 1999

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilikaa posta wiki mbili kwa sababu sanduku ni la mwenye ploti, na yeye hulifungua akikumbuka. Mimi niko salama. Nyawira, yule ninakaa naye, anakusalimu na anasema ukija tena uje na yale maziwa ya Mama Kisemei. Hapa ni vumbi tu. Ukianika nguo nyeupe saa tatu, saa tano ni ya kijivu.

Kazini nimebadilishwa. Sishoni tena, niko meza ya kukata. Kuna kisu cha umeme, kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko, unakisukuma na kinapita ndani ya vitambaa themanini vilivyopangwa pamoja, bila kelele nyingi. Supavaiza alisema niko na mkono mtulivu. Nilitaka kumwambia kitu lakini nikakumbuka maneno yako kuhusu kinywa.

Pasta Njogu ameweka ushuhuda wangu kwenye kaseti. Inauzwa mlangoni ibada ikiisha. Nimekutumia moja ndani ya hii bahasha. Nyawira aliicheza kwa redio yake na sikujitambua, nilifikiri ni mtu mwingine, mtu mwenye nguvu.

Shangazi, nisamehe, nilikuwa bado nameza vile vidonge kwa siri, hata baada ya ushuhuda. Siku niliposoma barua yako niliona aibu sana. Nilivimwaga vyote chooni.

Daftari ninaandika. Nimeungua mkono kidogo kwa stovu, si kitu. Ninataka kukuuliza jambo moja. Asubuhi zingine ninaamka ulimi uko na kidonda na kichwa ni kizito, na ninaogopa, na sijui ninaogopa nini. Je, kuogopa ni dhambi?

Tarehe 24 nitakuja.

Wako,
Beverlyne


Kajiado,
30 Machi 1999

Mpendwa Beverlyne,

Salamu kutoka kwetu sote. Mvua imenyesha mara moja, ikatosha kuchafua barabara na kunyima ng'ombe maji. Anko wako anacheka tu, anasema sasa matope yako na maji hayako. Mimi kichwa kinanigonga siku hizi, nadhani ni hili joto.

Kaseti tumeisikiliza mara nne. Mama Kisemei haelewi Kiswahili chako chote lakini alitikisa kichwa mpaka shanga zikalia.

Umeniuliza swali, nami nimekaa nalo. Niliandika ukurasa mzima, nikauchana. Nitakwambia hivi: woga ni wazo kama mawazo mengine, uandike na uupige mstari. Ukianza kuuchunguza utakumaliza. Wasichana wengi hupoteza baraka zao kwa kujichunguza sana. Imba ukiwa unafua. Usikae peke yako. Kama huo ulimi ni mananasi, acha kula mananasi.

Lakini uliungua vipi? Wewe umepika kwa stovu tangu una miaka tisa. Hukuniambia uliungua vipi. Pengine nami ninajichunguza, hebu niache.

Hilo la choo ulifanya vizuri. Nakungoja tarehe 24. Vaa ile gauni ya bluu.

Shangazi yako,
Nekesa


Kajiado,
26 Aprili 1999

Beverlyne,

Tunakusalimu. Anko wako ana mafua, wengine tu wazima.

Wasichana arobaini na tatu walikaa kwenye mabenchi kutoka saa tatu mpaka saa saba wakikungoja. Nilienda barabarani mara tano. Chakula kilipoa. Hakuna barua, hakuna mtu uliyemtuma, hakuna chochote. Sijakulea mimi, lakini kila likizo ya Desemba ulikuwa kwangu, na ninajua hukufundishwa hivyo. Nimekasirika, na ninakwambia waziwazi kwamba nimekasirika.

Hata hivyo Mungu hakosi njia. Niliwachezea kaseti yako. Mama mmoja anaitwa Kathini, anayeuza mboga karibu na kanisa, alikuwa amesimama mlangoni na binti yake Syokau, mtoto wa miaka sita, mwenye shida kama ile yako ya zamani. Alilia sana. Akaniuliza mbele ya wote, "Mwalimu, huyu dada aliacha dawa kabisa?" Nikamwambia ndiyo, kabisa, na ni mtoto wa kaka yangu. Akasema basi naye hatarudi tena kuchukua vidonge vya Syokau. Wasichana wakapiga makofi. Unaona vile sauti yako inavyofanya kazi hata wewe ukijificha?

Niandikie unieleze sababu. Iwe sababu ya kweli.

Nekesa


Kitengela,
3 Mei 1999

Shangazi,

Hii barua inaletwa na mzee Kinyanjui, mjomba wa Nyawira, anayekwenda Bisil kununua mbuzi. Nimemwomba akupe mkononi. Sitakuuliza habari za nyumbani leo, nisamehe.

Mwambie Kathini amrudishie mtoto dawa. Mwambie leo. Hata kama hutasoma hii barua mpaka mwisho, nenda umwambie.

Sijapona. Tangu nimwage vidonge nimeanguka mara nne, zile ninazojua. Mara ya kwanza nilikuwa ninapika ugali, na mkono ukabaki juu ya stovu, Nyawira ndiye aliyenitoa. Mbili nilikuwa nimelala, ndiyo ule ulimi. Na tarehe 24 nilikuwa nimevaa ile gauni ya bluu, niko na Biblia na maneno yangu nimeyaandika vizuri, na nilianguka hapa stendi kabla sijapanda gari. Nilipozinduka nilikuwa nimejikojolea na watu wamenizunguka. Mama mmoja wa kanisa alikuwa hapo. Aliniangalia, halafu akaangalia kando kama hanijui. Nafikiri alikuwa ananisaidia.

Nimeenda mpaka mlango wa kliniki mara mbili. Kila mara kuna mtu wa kanisa letu kwa foleni na ananiita "dada ushuhuda". Ninarudi nyumbani. Nimemaliza madaftari mawili ya mawazo mabaya na mistari yake. Lile ninaloandika kila siku ni moja. Ninaandika kwamba nimemkosea Mungu mahali fulani na hataki kuniambia ni wapi.

Kuna jambo jingine. Desemba nilipokuwa kwako nilitaka kakao. Nilishusha mkebe ulioko juu ya kabati, nyuma ya sufuria kubwa. Hakukuwa na kakao. Kulikuwa na vidonge, na karatasi yenye jina lako, Nekesa, ya presha, kimoja kila asubuhi. Na wewe ulikuwa umeshuhudia kanisani kwenu kwamba Bwana alikuondolea presha mwaka wa tisini na sita. Niliurudisha mkebe polepole. Sikukuhukumu, haki ya Mungu. Nilijiambia kwamba Shangazi ana sababu. Halafu Februari ukaniandikia, kwa nini hata uwe navyo ikiwa umepona.

Kwa nini uliniandikia vile, Shangazi?

Kesho kutwa ninarudi kwa zamu ya kile kisu. Usije hapa. Ukija watajua.

Beverlyne


Kajiado,
4 Mei 1999, saa nne asubuhi

Beverlyne,

Mzee Kinyanjui yuko mlangoni anakunywa chai, na mbuzi wake wanakula maua yangu. Anarudi Kitengela sasa hivi kwa hivyo ninaandika haraka.

Usikiguse kile kisu. Sema tumbo linakuendesha, sema uongo wowote ule, nitaujibia mimi. Nenda kliniki leo, na Nyawira akushike mkono mpaka kwa daktari. Usianze dawa kwa kukisia, mwambie yote, siku uliyoacha na mara ulizoanguka. Mtu wa kanisa akikuita dada ushuhuda kwenye foleni, mwambie amwandikie shangazi yako.

Hukumkosea Mungu popote. Aliyekosa ni mimi.

Ninaenda kwa Kathini. Ninatoka na mzee huyuhuyu, sibadilishi hata kanga.

N.


Kajiado,
10 Mei 1999

Mwanangu Beverlyne,

Nyawira alipiga simu ofisi ya maji, na anko wako akakimbia nayo nyumbani kana kwamba simu yenyewe iko mkononi: umeonana na daktari, umeanza dawa. Nililala chini sakafuni. Sasa ninaweza kuandika.

Kathini nilimkuta kwa meza yake ya mboga, na Syokau amekaa chini kwenye kivuli, mdomo umepasuka na jicho limevimba. Alikuwa ameanguka Ijumaa kwenye ngazi ya choo, na tena Jumapili. Nilimwambia Kathini kwamba wewe hukupona, na kwamba ni mimi niliyekuachisha dawa. Hakupiga kelele. Alisema, "Lakini Mwalimu, wewe ndiye ulisema kabisa." Alilirudia hilo neno mara tatu, kabisa, huku anapanga nyanya. Halafu akafunika mboga kwa gunia, tukambeba mtoto pamoja mpaka hospitali. Nesi alitugombeza mbele ya watu wote, na mimi nilimwambia nesi asimgombeze huyo, anigombeze mimi. Akanigombeza vizuri sana. Mtoto yuko salama. Jicho litapona.

Uliniuliza kwa nini, nami nimejiuliza siku sita. Nilianza kuumwa presha mwaka ule wa tisini na sita, nikaombewa, nikajisikia vizuri, nikasimama nikasema. Baada ya mwezi nilizirai kwenye bomba la maji. Daktari akanipa vidonge. Wakati huo wasichana walikuwa wameanza kuja kwangu wengi, wananiita mama wa imani, na nilipenda kuitwa hivyo. Ndiyo sababu, Beverlyne. Sina nyingine nzuri zaidi. Kila asubuhi nilifunga mlango wa jikoni, nikameza, kisha nikaenda kuwafundisha watoto wa watu walinde vinywa vyao. Nilipokuandikia Februari nilitaka mmoja wetu awe amepona kweli. Nilitaka uwe wewe. Na uliponiandikia kwamba umeungua, nilijua. Ule ukurasa niliouchana ulikuwa umeandikwa kwamba urudi kwa daktari. Niliuchana kwa sababu ningekuandikia hayo, ungeniuliza nimejuaje.

Ulikuwa ukiungua na mimi ninakutania juu ya mananasi. Nisamehe. Sikuombi uharakishe.

Jana kanisani niliomba nafasi. Walifikiri ninataka kuimbisha. Nilipanda na mkebe wa kakao, nikauweka juu ya meza ya sadaka, nikasema ni nini kilichomo na tangu lini. Nikasema kaseti ile isichezwe tena hapa. Nikaomba maji. Hakuna aliyesimama, mpaka Mama Kisemei, ambaye huwa haji kwetu, alikuja tu kwa sababu nilimwomba anisindikize, akanipa maziwa yake kwenye kikombe cha mfuniko. Nikameza mbele yao. Nikawaambia kwamba niliomba kabla ya kumeza, na kwamba siku zote nilipokuwa nikimeza kwa kujificha sikuwahi kuomba, kwa sababu ya aibu, na hilo ndilo lililokuwa kosa.

Wazee waliniita baadaye. Mwenyekiti, mzee Wathome, alisema nipumzike darasa la wasichana "kwa muda". Nimerudisha funguo. Nililia njiani, sitakuficha, nimewafundisha wale watoto miaka minane. Tulipofika langoni anko wako akasema, "Nami nilikuwa ninashangaa kwa nini hiyo kakao haiishi."

Sasa nisikilize tena, kama bado unaweza. Zaburi yako ya asubuhi usiiache, ilikuwa nzuri kabla yangu. Daftari liandike, lakini usipige mistari. Mawazo yakiwa mabaya sana nitumie mimi hizo kurasa. Saa kumi na mbili kamili asubuhi nitameza changu, mlango wa jikoni ukiwa wazi, na nitaomba. Wewe meza chako saa hiyohiyo, ujue kuna mtu Kajiado ameshika kikombe.

Mwambie supavaiza ukweli. Kile kisu wakishike wengine.

Nekesa, dada ya baba yako


Kitengela,
21 Juni 1999

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Sikujibu mapema kwa sababu nilikuwa na hasira, na sikutaka kukuandikia nikiwa nayo. Bado iko kidogo. Niliambiwa nisijichunguze sana, lakini hii nimeichunguza, na nimeona chini yake ninakupenda.

Msalimu anko, na Mama Kisemei, na Kathini. Mwambie Kathini nimemnunulia Syokau kofia ya sufu nene, ya kulinda kichwa. Nyawira anakusalimu. Alinipikia uji wiki nzima na sasa anataka kulipwa kwa maziwa.

Niliona daktari. Alikasirika, halafu akapunguza hasira. Tangu tarehe kumi na saba Mei sijaanguka. Supavaiza alinisikiliza mpaka mwisho, akanitoa kwa kisu siku hiyohiyo. Sasa ninahesabu vifungo na kuvifunga kwa mifuko. Wasichana wa meza ya kukata wananiita Vifungo. Si mbaya.

Pasta Njogu nilimwomba maikrofoni Jumapili tatu. Ya kwanza alisema ratiba imejaa. Ya pili alisema nitavunja imani ya wachanga. Ya tatu alinisalimu tu akaendelea na mtu mwingine. Kaseti bado zinauzwa mlangoni. Nilikasirika mpaka nikataka kuhama kanisa, nikaandika kurasa sita, nikaacha kuzituma. Hazikuwa mbaya sana.

Halafu nikafikiria ule mkebe wako. Sina maikrofoni, lakini niko na chai. Baada ya ibada wasichana wote hukaa nyuma ya jiko la kanisa kunywa chai. Daktari ameniongezea kidonge cha mchana, na saa saba ndiyo saa yake. Kwa hivyo nilikitoa, nikakiweka juu ya kifuniko cha kikombe mahali kila mtu anaona, nikainamisha kichwa nikaomba, nikameza. Jumapili ya kwanza waliacha kuongea. Mmoja alisimama akaenda. Jumapili ya pili waliendelea kuongea, lakini kwa sauti ya watu wanaoangalia kitu kingine.

Jana nilikuwa nimemaliza kumeza, wengi wameshaenda kuosha vikombe. Gathoni, yule wa sauti ya kwanza kwaya, aliyepiga makofi kuliko wote siku ya ushuhuda wangu, alikuja akakaa karibu na mimi. Kisha akafungua kibeti chake, akatoa chupa ndogo ya vidonge iliyozungushiwa leso mara tatu, na akaniuliza kama chai yangu imebaki.

Wako,
Beverlyne